Pete Nyeupe Ikipoa

Simu iliita mara mbili ikakatika. Ikaita mara moja tena, ikakatika.

Charlène hakuipokea. Alikata uzi kwa meno, akaiweka kando sketi ya mteja, akaurudisha nusu mlango wa kibanda chake cha kushona. Nje, soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, lilikuwa limechemka. Wauza dagaa walikuwa wakiita wateja, na spika za makanisa mawili zilikuwa zikishindana nani ataamsha wafu kwanza. Saa yake ya Casio ilionyesha saa sita na dakika kumi mchana.

Alichukua bisibisi, akafungua kichwa cha cherehani yake ya Singer. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili: bastola ndogo aina ya Beretta, na kidude cha kusikilizia kisichozidi punje ya mahindi. Akakitia kidude sikioni.

"Sindano nipo."

"Sindano, hapa Kitambaa."

Ilikuwa sauti ya Jérôme. Charlène hakuwahi kumwona Jérôme kwa macho. Alijua tu kwamba ndiye mkubwa wake, kwamba hunywa kitu cha moto kila anapoongea, na kwamba Kitengo chao hakimo kwenye karatasi ya serikali yoyote ya Maziwa Makuu. Miezi minane alikuwa ameshona sketi za watu hapa kambini akisubiri maneno matatu kutoka kwa sauti ile.

"Pete imeingia tanuri."

"Lini?"

"Sasa hivi. Lilongwe, Area 47, kwenye ile maabara ya meno. Saa saba na nusu itafika joto la mwisho, nyuzi elfu moja na mia mbili. Inakaa humo saa nzima. Saa nane na nusu wanafungua."

"Renner yuko?"

"Yuko. Ndege yake ni saa kumi na moja. Pete ikisimama, anapanda nayo."

Hebu tuliseme jambo hili kwa lugha ya watu, maana wakubwa wa Kitengo wakilieleza unatoka hujui hata jina lako.

Renner alikuwa mzungu wa pasipoti tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Alikodi maabara ya kutengeneza meno ya bandia, akaagiza unga mweupe unaoitwa zirkonia. Forodhani nani angeshtuka? Meno ya bandia ya siku hizi yanatengenezwa kwa unga huohuo. Ila unga wa Renner chembe zake zilikuwa ndogo kupita akili. Mamilioni yake yangekaa kwenye ncha ya sindano. Na meno ya watu hayakumhusu. Alitaka pete nene, pana kama kikombe cha chai, ya kukaa kwenye koo la roketi, pale moto unapotokea. Hapo chuma cha kawaida huyeyuka. Pete hiyo ikitengenezwa sawasawa haiyeyuki, na mwenye nayo anaweza kuunda roketi kwenye karakana yoyote ya kuchomelea milango. Wateja wa Renner walikuwa na karakana kama hiyo msituni, juu ya milima inayotazama mji wa Uvira, Kongo.

Wa kuitengeneza alimpata Dzaleka. Théophile, mwalimu wa kemia kutoka Bukavu, mkimbizi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Chuo kikuu alikuwa amesoma jambo moja tu kwa miaka sita: unga wa namna hii unapatwa na nini ukitiwa kwenye moto mkali.

"Amri?" Charlène aliuliza.

"Pete isipande ndege. Ukishindwa kuipata pete, mpate Renner. Gari letu limekwama Nathenje, halitafika kabla ya saa tisa na nusu. Uko peke yako."

"Na Théophile?"

Jérôme alimeza kitu chake cha moto.

"Théophile anafanya kazi kwa sababu wamemshika mke wake. Tumejua leo asubuhi. Pete ikisimama, mke anaachiwa. Ikivunjika, Renner anapiga simu moja, na mke anauawa."

"Yuko wapi?"

"Haijulikani. Na usimtafute. Mke si kazi yetu, Sindano. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hakusema amekubali.

Kwa sababu mke huyo alikuwa Antoinette. Antoinette mwenye sauti ya kwanza kwenye chorale ya kanisa, aliyekuwa akisimama bega kwa bega na Charlène kila Jumamosi, wakitumia kitabu kimoja cha nyimbo kwa kuwa cha pili kililiwa na panya. Mazoezi mawili yaliyopita hakuonekana. Charlène alikuwa ameliona pengo lile, akalipita. Jasusi mzima!

Mlango ulisukumwa.

"Charlène! Bado uko unashona? Bamama banakungojea kule!"

Alikuwa Olga, rais wa chorale, mama mpana wa Fizi ambaye akiingia kibandani cherehani inatikisika. Alikuwa amevaa liputa, kitenge cha bluu cha kwaya, na kichwani amebeba mfuko wa unga.

"Tunaenda wapi, maman?"

"Mais, kumuona Antoinette! Hukupata message? Jana nilienda kumuuliza kwake, nikakuta cousin yake wa Ulaya, yule Fabien mwenye viatu ya kuchongoka. Njo aliniambia: Antoinette iko mugonjwa, tetekuwanga, bantu basimukaribie. Mi nikamwambia aksanti papa, tutakuja kesho saa saba."

Charlène alisimama polepole. Antoinette alikuwa na binamu wanne tu duniani, na wote aliwajua kwa majina. Fabien hakuwamo.

Hapo ndipo Fabien alipoharibu, na lazima tumcheke kidogo kabla mambo hayajawa mabaya. Angesema Antoinette amekwenda Madisi kununua mahindi, watu wasingeuliza mpaka mwisho wa mwezi. Angesema amegombana na mume wake, wangetega masikio wakiwa mbali. Lakini bwana amekaa miaka kumi na mbili kwenye fleti za Ulaya, ambako jirani akiugua watu wanapita kimyakimya kwenye ngazi. Akasahau alikozaliwa. Hapa mwimbaji akiugua, chorale inakwenda nzima. Wanabeba unga, sabuni na sukari. Wanamwimbia, wanamwogesha, wanamsuka, wanamwombea mpaka achoke. Hawaombi ruhusa kwa cousin wala kwa daktari.

Charlène alifunga mlango kabisa, akaitoa Beretta kwenye cherehani.

"Maman Olga. Ule si cousin yake."

"Njo nani sasa?"

"Ni mutu mubaya. Bamemushika Antoinette juu ya kazi ya Théophile. Bako na silaha."

Olga aliuteremsha mfuko wa unga chini. Hakupiga kelele. Alimtazama Charlène usoni muda mrefu, halafu macho yake yakashuka kwenye cherehani iliyofunguliwa kichwa, na kwenye kitu cheusi kilichokuwa mkononi mwa fundi wake wa nguo.

"Bangapi?"

"Sijui. Pengine babili. Maman, nikienda peke yangu batamuua kabla sijafika kitandani. Lakini nikienda na ninyi…" Alikuwa anakwenda kuwapanga wanawake thelathini mbele ya bunduki, na aliona aibu kulisema.

Olga alijifunga liputa upya, akalikaza.

"Bengine usibaambie," alisema. "Batatetemeka, na sauti itaharibika."

* * *

Saa saba na dakika tano.

Walipanda njia ya Katubza kwa safu mbili, maliputa ya bluu tupu, ngoma ndogo mbele. Vumbi jekundu liliwafika magotini. Watu walitoka milangoni kutazama. Mwanamume mmoja wa kabaza alisimamisha baiskeli yake ya abiria, akavua kofia. Charlène alikuwa katikati na ndoo ya maji ya vuguvugu kichwani. Beretta ilikuwa chini ya liputa, kiunoni, ikimchoma ubavu kila alipopumua.

Aliomba pia. Jasusi haombi, wanasema huko kwenye mafunzo. Yeye aliomba.

Nyumba ya Théophile ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati, dirisha moja lililofunikwa kwa pazia. Fabien alitoka kabla hawajagonga. Shati jeupe, viatu vyenye ncha, mkono wa kulia ndani ya koti.

"Bamama zangu, merci, merci sana. Lakini nilisema, hii ugonjwa inaambukiza…"

"Tuliisha kuugua yote," Olga alisema, akampita.

Walimpita wote. Ungefanyaje? Huwezi kuwapiga risasi wanawake thelathini wanaoimba, saa saba mchana, jirani zako wote wakiwa milangoni. Fabien aligandamizwa na mifuko ya unga mpaka ukutani, mkono bado ndani ya koti, jasho likimtoka puani.

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo na cha giza. Antoinette alikuwa amelala, blanketi mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa makavu, makubwa. Kando yake kwenye kitanda lilikaa jitu la shingo nene, na mkono wake mmoja ulikuwa umeingia chini ya blanketi.

Charlène alijua mkono ule umeshika nini.

"Yesu asifiwe, Antoinette," Olga alisema.

"Milele, maman." Sauti ilikuwa ya uzi.

"Tumekuja kukuogesha. Banaume batoke."

Jitu halikusogea.

Wimbo nje ulipanda. Ngoma ilikuwa imefika mlangoni. Chumbani waliingia wanawake wanane, kumi, wakabanana mpaka hewa ikawa nzito ya sabuni na jasho.

"We!" Olga alifoka. "Mwanaume gani anakaa pahali tunavua mwanamke nguo? Mama yako alikuzaa ao alikutapika? Toka!"

Wanawake wakaanza kunong'ona, kisha kupiga kelele. Mmoja alishaanza kuvuta blanketi upande wa miguuni. Jitu lilitazama mlango, likatazama uso wa Olga, na aibu ya kijijini kwao, popote kilipokuwa, ikalishinda. Liliutoa mkono chini ya blanketi taratibu, likauficha ndani ya shati, likasimama.

Sekunde ile tu ndiyo iliyohitajika.

Ndoo ya maji ilimwagika usoni mwake. Beretta ikagusa nyuma ya sikio.

"Piga magoti. Kimya."

Mwanamke mmoja aliachia ukelele. Olga aliufunika kwa kuanzisha ubeti mpya, kwa sauti iliyotikisa bati, na wenzake wakaupokea bila kujua wanapokea nini. Magoti ya jitu yalifika chini. Charlène alitoa bastola ndani ya shati lile, akamfunga mikono kwa mshipi wa liputa.

"Fabien," Olga aliita kwa sauti tamu. "Papa Fabien, mugonjwa anakuita."

Fabien aliingia. Alikuta midomo miwili ya bastola ikimtazama. Alipotaka kurudi nyuma, mlango ulikuwa umejaa wanawake. Charlène alimvuta mkono ndani ya koti, akauzungusha mpaka ukalia na bastola yake ikadondoka. Fabien akaanguka kifudifudi, na Olga, kwa uzito wote ambao Mungu alimpa, akamkalia.

"Simu," Charlène alisema. "Unamwambia nini Renner?"

Fabien alitema vumbi. "Sisemi."

Olga alijiweka vizuri.

"Kila nusu saa!" Fabien alilia. "Naandika 'Sawa'. Basi! Naandika 'Sawa' tu!"

Charlène aliichukua simu ya Fabien, Tecno, akaifungua kwa kidole cha Fabien mwenyewe, akaondoa kufuli. Alipanda juu kwenye ujumbe. *Sawa. Sawa. Sawa.* Saa saba na nusu ilikuwa inaingia. Akaandika *Sawa*, akatuma.

Jibu lilirudi haraka: *Pete inaendelea vizuri.*

Antoinette alikuwa ameketi, wanawake wawili wamemshika.

"Théo iko wapi?"

"Lilongwe. Naenda kumuchukua sasa hivi."

"Ngoja." Antoinette aliinuka kwa shida, akaenda kwenye pipa la unga wa mahindi pembeni, akazamisha mkono mpaka kiwikoni. Alitoa chupa ya plastiki, imefungwa bado na karatasi ya kiwandani. "Aliniambia nifiche. Alisema ni dawa ya kazi yake, na bale basiione. Mupelekee, pengine anaihitaji."

Charlène aliisoma karatasi. *Ittria (oksidi ya itriamu).*

Alisimama pale chumbani, nyimbo zikiendelea, akaisoma tena.

Kitengo kilikuwa kimemfundisha somo hili miezi mitatu, na sehemu kubwa alisinzia. Lakini hili alilikumbuka. Chembe za zirkonia zikiwa ndogo sana, zinashikana vizuri. Zikitiwa kwenye moto mkali, kubwa inameza ndogo, zinanenepa. Kwenye moto hutaona kitu. Kipande kinasimama kizima, kinapendeza. Balaa linakuja kinapopoa. Chembe zilizonenepa zinageuza umbo, zinatanuka, na kipande kinajipasua chenyewe kutoka ndani. Kinga ni moja tu: kuchanganya ittria kidogo tangu mwanzo.

Na ittria ilikuwa hapa. Haijafunguliwa.

Théophile hakuitia. Tangu siku ya kwanza alijua pete itapasuka, na alijua ikipasuka nani atakufa.

"Ni nini?" Antoinette aliuliza. "Charlène, mbona unaniangalia hivyo?"

"Hakuna kitu. Bakia na bamama. Usitoke hapa."

Alimwachia Olga bastola ya jitu. Olga aliishika kama mwiko, lakini aliielekeza panapotakiwa.

* * *

Pikipiki yake ya Boxer ilikuwa nyuma ya kibanda cha kushona. Charlène aliipiga teke, ikawaka. Saa saba na dakika arobaini.

"Kitambaa, mke ninaye. Mzima."

"Nilikwambia nini?"

"Pete itapasuka yenyewe ikipoa. Mwalimu aliitengeneza ife. Renner akishaona, atapiga simu, na simu ninayo mimi. Halafu atamuua mwalimu. Nina chini ya saa moja."

"Tutaongea, Sindano."

"Tutaongea."

Barabara ya lami ilikuwa nyeusi na tupu, mashamba ya tumbaku pande zote. Aliipeleka Boxer mpaka ikaanza kupiga kelele ya kulalamika. Wingu lilikuwa limeifunika milima ya Dowa, zito, na joto halipungui. Karibu na Lumbadzi kulikuwa na kizuizi cha polisi. Alisimama, akatoa barua ya ruhusa ya kutoka kambini, akatabasamu na meno yote.

"Muli bwanji, mama?" askari alisalimu. "Unakimbilia wapi?"

"Jino, bwana. Linaniua."

Askari aliigeuza barua juu chini, akaisoma tena, akaita mwenzake. Mwenzake alikuwa anakula. Charlène alingoja, na kila sekunde aliiona pete ile ndani ya tanuri, nyeupe, nzuri, ikinenepa taratibu. Saa nane kamili, alipitisha mkono mfukoni akaandika *Sawa* bila kutazama.

"Pole na jino," askari alisema mwishowe.

"Zikomo," Charlène alishukuru.

Alifika Area 47 saa nane na dakika ishirini na nane, akatuma *Sawa* nyingine.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nyuma ya maabara jenereta ilikuwa inanguruma, na kwa hilo alishukuru. Mlinzi wa getini alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Charlène aliruka ukuta upande wa jenereta, akatambaa mpaka chini ya dirisha la wavu, akainua kichwa kidogo.

Chumba kilikuwa na taya za plasta zimepangwa rafuni, zimekenua. Théophile alikaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani. Renner alisimama mbele ya tanuri, mtu mrefu, mikono mitupu, Glock mezani karibu na kikombe cha kahawa.

Tanuri lililia. Muda umekwisha.

"Liache lipoe limefungwa," Théophile alisema kwa sauti ya chini. "Muda wa saa tano, sita."

"Sina saa sita, Mwalimu." Renner alifungua mlango. Joto lilitoka likafika hadi dirishani.

Aliitoa pete kwa koleo ndefu, akaiweka juu ya tofali. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, inang'aa, haina hata mstari. Renner aliizunguka mara mbili. Alicheka kama mtoto aliyepewa zawadi.

"Nzuri. Nzuri sana! Mwalimu, umemwokoa mke wako."

Théophile alikuwa anaitazama pete tu.

Chungwa ikawa nyekundu. Nyekundu ikafifia. Charlène alitoa Beretta, akafungua kifuli chake kwa kidole gumba. Renner alikuwa ameshaanza kufungua sanduku lake la safari, lenye sifongo iliyochimbwa kwa umbo la pete.

Nyekundu iliisha. Pete ikabaki nyeupe.

*Tik.*

Sauti ndogo, ya chumvi ikianguka kwenye mafuta ya moto.

Renner aligeuka.

*Tik. Tik.*

Mstari ulitokea juu ya pete, mwembamba, ukakimbia mpaka chini. Mwingine ukaufuata. Halafu pete nzima ikalia kwa pamoja na kumwagika juu ya tofali, vipande na vumbi.

Jenereta iliendelea.

"Ni baridi," Renner alisema. "Nimeitoa haraka. Ni kosa langu. Tutachoma nyingine…"

Théophile angeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa umeletwa mpaka mdomoni mwake, wa bure kabisa, wa kumwokoa yeye na mke wake walau kwa wiki moja. Alivua miwani.

"Hapana," alisema. "Hata ungengoja mwezi ingepasuka. Sikutia ittria. Na sitatia."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Renner alimtazama kwa namna ya mtu anayemwona mwenzake mara ya kwanza. Alichukua simu mezani, akabonyeza, akaiweka kwenye spika.

"Basi msikilize akifa."

Théophile alifunga macho. Machozi yalikuwa yanashuka mashavuni, lakini hakusema "acha".

Simu iliita. Na mfukoni mwa Charlène, chini ya dirisha, Tecno ya Fabien ikatetemeka.

Aliipokea.

"Fabien hawezi kuongea," alisema. "Maman Olga amemkalia."

Sauti ilitoka kwenye spika na dirishani kwa pamoja. Renner alielewa. Mkono wake uliruka kwenye Glock.

Charlène alipiga risasi mbili kupitia wavu. Ya kwanza ilipiga kiganja. Ya pili ilipiga goti. Kikombe cha kahawa kilianguka, Renner akafuata.

Mlinzi wa getini alikuja mbio, akachungulia mlangoni, akaona mwanamke wa liputa la bluu akipasua wavu na kuruka dirishani na bastola. Aliweka rungu chini kwa heshima, akaondoka zake.

* * *

Walimfunga Renner kwa waya wa taa. Alitukana kwa lugha nne mpaka sauti ikakauka.

"Unga uliobaki uko wapi?" Charlène aliuliza.

Théophile alionyesha makopo manne chini ya meza. Charlène aliyafungua. Waliumwaga unga wote kwenye sahani za tanuri, wakaujaza mpaka juu. Mwalimu alibonyeza nyuzi elfu moja na mia nne hamsini.

"Sindano." Ilikuwa sauti ya Jérôme. "Gari limeshaingia mjini. Renner?"

"Amefungwa. Anapumua."

"Vizuri. Unga utauleta wewe mwenyewe. Wakubwa wanautaka."

Charlène aliutazama mlango wa tanuri. Wakubwa. Wakubwa gani, na wanataka kuurushia mji wa nani?

"Umeshaingia motoni, Kitambaa."

"Utoe."

"Ukitoka utakuwa mawe. Chembe zikishanenepa hazirudi kuwa ndogo. Muulize mwalimu."

Charlène alitoa kidude sikioni, akakiweka mfukoni.

Alipiga namba ya Olga. Nyuma ya sauti ya Olga wanawake walikuwa bado wanaimba, wamechoka, wamekolea. Alimwomba Antoinette, kisha akampa Théophile simu. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili.

"Antoinette? Uko muzima? Bamekuumiza?"

"Niko muzima." Sauti ilisikika chumba kizima. "Ile kitu yako, ilipasuka?"

"Ilipasuka."

"Ilipasuka yenyewe, ao ni we njo uliipasua?"

Charlène aligeukia dirisha. Alitamani aseme uongo. Mtu yeyote angesema uongo hapo.

"Ni mi," Théophile alisema. "Nilijua uko mikononi mwabo. Nilijua batakuua. Nikafikiri bantu ya Uvira, ile batoto yote, nikafikiri mama yako, na nikaona siwezi… Antoinette, sikulala hata siku moja. Nisikilize."

Kule Dzaleka mtu alipiga ngoma mara mbili, akaacha.

Waliweza kusikia pumzi ya Antoinette.

"Ulifanya vizuri," alisema mwishowe. "Mama yangu iko kule. Hata mi ningefanya vile."

Théophile alianza kulia kwa sauti.

"Rudi nyumbani, Théo. Chakula iko. Lakini usiku utalala kwa pasteur. Leo na kesho. Mi nitakuita."

Simu ilikatika.

Mwalimu alibaki na simu mkononi, taya za plasta zikimkenulia kutoka rafuni. Nje gari lilisimama, milango ikafunguliwa, watu wa Kitengo wakaingia getini bila kuongea.

"Ataniita?" aliuliza. "Sista, unamjua. Ataniita?"

Charlène aliirudisha Beretta kiunoni, akalipangusa liputa lake vumbi la dirishani. Alitaka kumpa neno zuri.

"Sijui, papa," alisema. "Panda gari, bakupeleke."

Akatoka kupitia mlango wa mbele, akawapita watu wa Kitengo bila salamu, akaiwasha Boxer. Tone la kwanza la mvua lilimpata kwenye mzunguko wa barabara, na hakupunguza mwendo.